Mpangaji wa Ini Langu

Mwezi uliopita tulivuka kwa kivuko kwenda Sengerema kumzika Shangazi Kabula, na mimi na binti yake Pendo nusura tufukuzwe msibani kwa kucheka. Si kwamba hatukulia. Mimi nililia machozi ya kujaza pipa, muulizeni yeyote. Lakini alisimama mzee mmoja wa kanisa kusoma wasifu wa marehemu, akafika mahali akasema kwa sauti nzito, "Mama yetu huyu, katika maisha yake yote, hakuwahi kumtenga mtu." Pendo alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Akanikanyaga mguu. Nikamtazama, akanitazama, basi, tukajifunika khanga gubigubi huku mabega yanatikisika, na akina mama waliokuwa nyuma yetu wakatupigapiga mgongo, "Poleni wanangu, jikazeni, kazi ya Mungu hiyo." Nilimpenda shangazi yule kuliko ninavyoweza kuandika. Ila kunitenga alinitenga, tena kwa ufundi wa hali ya juu, na mwaka ule ndio ulionitengeneza nikawa huyu mnayemsoma.

Sitawachosha na habari za nilikozaliwa wala nani alimwoa nani kwa ng'ombe wangapi. Njooni moja kwa moja Kirumba, kwenye nyumba ya shangazi, vyumba vitatu vilivyobanwa katikati ya majabali hata mvua ikinyesha maji yanaomba njia. Shangazi alikuwa anakaanga mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki kiwandani mnofu ukishaondolewa, anakwenda kuyauza soko la samaki la Mwaloni. Sebule ndiyo ilikuwa stoo ya mafuta, na chumba tulicholala mimi na Pendo kilikuwa na karai juu ya kabati, karai chini ya kitanda na karai nyuma ya mlango. Harufu ya samaki ilikuwa imeingia kwenye mashuka, kwenye nywele, mpaka kwenye madaftari yangu. Nikikaa darasani, paka wa kata nzima walikuwa wanajipanga dirishani kama waombaji wa kazi. Maana nilikuwa nasoma, jamani! Niliishia darasa la saba, nikapitisha ujana wangu nikipima samaki kwenye mizani, halafu siku moja nikaamua kwamba sitazeeka bila kujua kilichoandikwa kwenye vitabu vya sekondari. Nikajiandikisha masomo ya jioni. Tulikaa kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yanagusa kidevu. Huku dereva wa lori, kule mgambo, mbele yangu mama ananyonyesha huku ananakili mchoro wa moyo wa binadamu. Nasema hivi bila aibu: chuo kikuu chochote duniani hakijawahi kuwa na watu wenye njaa ya elimu kama lile darasa.

Nikirudi jioni tulikula. Hapo shangazi hakuwa na mzaha. Tulikula wote kwenye sinia moja, ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, mweusi unaovutika, pembeni bakuli la nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga, na siku za neema kichwa cha sangara kikubwa kama kiti. Shangazi alimega tonge la kwanza, halafu sisi. Anayechelewa kunawa alikuta tumesogea kumpisha, hakukuta tumemaliza. "Nyumba ni sinia," ndivyo alivyokuwa anasema, na mtu aliyekula peke yake, hata awe na kuku mzima, shangazi alimhurumia.

Sasa, jioni moja walikuja shuleni watu wa kuchangisha damu. Nilijitolea kwa moyo wa kizalendo, na pia kwa sababu kulikuwa na soda. Kwa joto la siku ile, kwa ile soda ya baridi ningewaachia na figo moja. Wiki kadhaa baadaye nikaitwa hospitali. Muuguzi aliyenipokea alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kukwaruza, akafunga mlango, akaniambia nikae. Mtu akifunga mlango wa hospitali kabla hajaongea, moyo wako unatangulia kutoka.

"Minza, damu yako hatukuweza kumpa mtu," akasema. "Imekutwa na kirusi cha homa ya ini, aina ya B."

"Kwa hiyo nakufa lini?"

"Mimi mwenyewe sijui nakufa lini, nitaijuaje siku yako? Nisikilize vizuri. Hiki kipimo kinasema jambo moja tu, kwamba kirusi kimo mwilini. Hakisemi kimeingia lini. Hakisemi ini limeharibika. Hakisemi utakufa. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili unapigana nacho unakitoa wenyewe. Wengine kinabaki, hasa wale waliokipata utotoni. Wewe uko upande gani, leo hatujui. Rudi baada ya miezi sita tupime tena. Tukikikuta bado kimekaa, ndipo tunasema ni sugu."

Nikamuuliza kinapita wapi. Akasema kwenye damu na majimaji ya mwili: wembe, sindano, kujamiiana, mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Mswaki wangu nisimwazime mtu. Nikamuuliza kuhusu sahani, maana nilishaona sinia la shangazi mbele ya macho yangu. "Sahani haina kosa," akasema. "Kijiko hakina kosa. Mkono kupeana, kukumbatiana, choo kimoja, hakuna kosa. Ila waambie nyumbani waje wapimwe, na wasio nacho wapate chanjo." Nikatoka pale nimeshika sentensi ile kama tiketi. Sahani haina kosa.

Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi sijawahi kukaa kimya tangu nizaliwe. Jioni ile ile, sinia likiwa katikati, niliwaeleza yote kwa mpangilio kama mwalimu wa baiolojia, pamoja na michoro ya vidole hewani. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anatafuna. Pendo, ambaye alikuwa mjamzito na mumewe yuko visiwani kwenye kambi ya dagaa, alishika tumbo. Shangazi akaweka tonge lake chini taratibu, akasema, "Nimeshiba." Shangazi Kabula kushiba kabla ya kichwa cha samaki kuisha! Hapo ndipo nilipoogopa kweli, hospitali nilikuwa najaribu tu.

Kesho yake nilikuta sahani yangu, kikombe changu na kijiko changu vimepakwa rangi nyekundu ya kucha ya Pendo, ili visichanganyike na vya watu. Kigoda nacho kilipakwa. Nikakatazwa kugusa mapanki, nikakatazwa kusonga ugali. Kuta za nyumba ile zilikuwa hazifiki darini, kwa hiyo nikiwa kitandani na kitabu nilisikia mazungumzo yote ya sebuleni kama redio. Mama Zawadi, jirani yetu, alikuwa na ujuzi wa magonjwa yote ambayo hajaugua.

"Linaanza kuoza ini," alikuwa anasema. "Halafu macho yanakuwa manjano, halafu tumbo linavimba. Yule wa kule juu alikwenda hivyo hivyo."

"Usiongee kwa nguvu," shangazi akasema.

"Na wateja wako wakijua, Kabula?"

"Unadhani silali kwa ajili ya nini?" shangazi akajibu, na sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Nikaelewa kwamba hakuwa mkatili. Alikuwa mwanamke mwenye makarai matatu na binti mjamzito, na watu wa Mwaloni wakikuacha leo, kesho hawakumbuki kwamba ulikuwepo. Nilielewa, lakini kuelewa hakukunifanya nikubali. Kuna watu hupewa sahani nyekundu wakainamisha kichwa wakala. Mimi jioni ya pili nilinawa, nikapita sahani yangu kama siioni, nikaketi kwenye sinia, nikamega. Mikono yote ikarudi nyuma kama nimetupa nyoka. Basi nikala mwenyewe. Nilikula ugali wa watu watatu na nsansa yote, nikalamba na bakuli, nikalala nimejinyoosha kama chatu aliyemeza mbuzi. Tangu siku hiyo shangazi akawa anapakua kabla sijarudi kutoka shule. Nami nikawa nachukua sahani yangu nyekundu, nakwenda kukaa kizingitini mbele ya mtaa wote, nakula kwa madaha huku nasoma kwa sauti sura ya mmeng'enyo wa chakula. Watoto walikuja kusikiliza. Nina hakika nusu ya madaktari waliotoka Kirumba walianzia pale mlangoni.

Lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa vichekesho tu. Kula peke yako miezi na miezi kunakupunguza. Mtu akikupa chenji anaidondosha kwenye kiganja chako ili vidole visigusane. Pendo alikuwa ananisemesha usiku taa ikizimwa, mchana hapana.

Miezi sita ilipotimia nikarudi hospitali, nikatolewa damu, nikaitwa tena. Muuguzi yule yule. Hakunizungusha. "Kimebaki," akasema. "Sasa tunasema ni maambukizi sugu. Inawezekana umekuwa nacho tangu mtoto." Nilitoka nje kwenye benchi nikalia, na safari hii sikuongeza chumvi. Akaniacha nilie, halafu akaja kuniita kwa ukali, "We dada, hujasikia nusu ya majibu halafu unalia majibu yote." Nikarudi. Akaniambia vipimo vya utendaji wa ini viko sawa. Wingi wa virusi, ambao sampuli yake ilipelekwa mbali na majibu yakarudi, ulikuwa mdogo. Kwa hiyo sihitaji dawa kwa sasa. "Kwa sasa," alirudia, ananinyooshea kidole. "Sijasema umepona. Nimesema ini lako linafanya kazi. Hali inaweza kubadilika bila wewe kuumwa popote, ndiyo maana utarudi kila miezi sita tuliangalie. Ikibadilika, dawa ipo. Pombe iache. Na mizizi ya kuchemsha usiyoijua iache pia, maana ini hilo hilo ndilo linachuja."

Nikashuka kilima nikiwaza. Kumbe majibu yalikuwa mengi, na mimi nilikuwa nasikia moja tu. Kirusi kipo: hilo moja. Ini zima: la pili. Linaangaliwa: la tatu. Kufikia barabarani nilikuwa nimeshakipa kirusi jina. Nikakiita Mpangaji. Ameingia bila kubisha, halipi kodi, hatoki. Vizuri. Lakini mwenye nyumba ni mimi, na kila miezi sita nitakuja kukagua vyumba. Akivunja hata kioo kimoja, nitamwitia askari. Niliongea hayo kwa sauti, muuza mahindi akanisogezea hindi la kuchoma, labda alidhani nina njaa ya kichwa.

Shangazi alisikia neno moja tu pia, na lilikuwa "sugu". Wiki ile ile akamwita mtaalamu. Msifikirie mzee mwenye ngozi ya chui. Alikuja kijana wa makamo kwa pikipiki, jaketi la ngozi, simu mbili, mcheshi sana, alinisifia hata mwandiko. Jumapili mchana alituketisha kwenye mkeka sebuleni, makarai yamesukumwa ukutani. Alikuwa na dawa nyeusi kwenye chupa ya jamu na wembe mmoja. Akaeleza utaratibu wake: anaanza na mgonjwa, halafu wembe ule ule unapita kwa kila mtu wa nyumba, mwenye nyumba wa mwisho. "Dawa inataka iijue nyumba," akasema. "Ukibadilisha wembe, dawa inapotea njia."

Mtaniuliza kwa nini niliketi, mimi na baiolojia yangu yote. Niliketi kwa sababu shangazi alisema, "Njoo mwanangu," akanilaza kichwa kwenye mapaja yake. Alikuwa hajanigusa tangu jioni ile ya majibu ya kwanza. Mikono yake ilikuwa inanuka mafuta ya samaki, ikanishika mashavu, na ningekubali kukatwa kwa panga ili asiiondoe. Mtaalamu akanikata chale mbili chini ya mbavu, upande wa ini. Damu ikatoka. Akapaka dawa, ikawaka kama pilipili. Shangazi alikuwa ananong'ona kwa Kisukuma, ananiita "mayu, mayu", kama mimi ndiye mama yake. Nikafumba macho. Nikasema moyoni, basi, nimerudi nyumbani.

Halafu nikasikia, "Sasa mjamzito."

Nikafumbua macho. Pendo alikuwa ameshashusha blauzi begani, tumbo limejaa mapajani, amegeuza uso ukutani ili asione. Mtaalamu alipangusa wembe kwenye kitambaa, kidogo tu, kama mtu anayepangusa kisu cha siagi.

"Wembe mwingine uko wapi?" nikauliza.

"Dada, nimeshaeleza. Ni huu huu."

"Nauliza wembe mwingine uko wapi!"

"Minza, lala," shangazi akasema, akinikandamiza kichwa kwa upole. Upole ule ndio uliokuwa mgumu. Nikinyanyuka, najua kabisa mapaja yale siyapati tena. Nikanyanyuka. Nikamdaka mtaalamu kifundo cha mkono na, wallahi, nilikuwa na nguvu za wapagazi wote wa Mwaloni.

"Shangazi," nikasema, "sahani yangu mmeitenga. Kijiko mmekitenga. Kigoda nilichokalia mmekipaka rangi. Damu yangu ndiyo mnataka mgawane?"

"Mwache mtaalamu afanye kazi!"

"Kwenye sahani hakuna ugonjwa, shangazi, ugonjwa uko hapa! Hapa kwenye huu wembe! Nikateni mimi mara mia, lakini huu haumgusi Pendo wala kilichomo tumboni mwake."

"Kelele hizi zinaharibu dawa," mtaalamu akasema, na ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Na iharibike!" Nikamnyang'anya wembe, nikatoka nao mbio mpaka chooni, nikautumbukiza shimoni. Niliporudi, damu imelowesha gauni, shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Toka nyumbani kwangu," akasema. Nikasema, "Sitoki." Nikaketi kizingitini. "Nitoe kwa mikono yako, shangazi. Nishike unitoe." Alijua hawezi kunishika, nami nilijua kwamba anajua, na tukatazamana hivyo mtaa mzima ukiwa umesogea.

Pendo ndiye aliyemaliza. Alipandisha blauzi yake, akajisukuma kutoka mkekani kwa shida, akasema, "Mama, mimi sikatwi. Kesho nakwenda na dada kupimwa." Hakuwahi kumpinga mama yake hata kuhusu chumvi. Mtaalamu alifunga chupa yake ya jamu, akawasha pikipiki.

Kesho yake tulikwenda. Pendo hakuwa na kirusi. Aliyeshiriki nami chumba, kitanda, na sinia kabla halijapigwa marufuku, hana kitu! Akaanza chanjo siku hiyo hiyo. Shangazi hakutusemesha. Lakini siku moja alitoweka na khanga yake nzuri, akarudi kwa kilio tulichokisikia kutoka kwenye majabali ya chini. "Ninayo! Nimeandikiwa ninayo!" Nikaichukua karatasi ya vipimo. Mstari wa kirusi ulisema hakipo. Mstari wa chini ulisema kinga ipo, na huo ndio aliousoma. Nikarudi naye kwa muuguzi, akamweleza: kirusi kilishawahi kumwingia zamani, mwili wake ukakitoa, ukabaki na walinzi. Hakikuwa mwilini tena wala hakuwa wa kumwambukiza mtu. Shangazi alifuta machozi, akakaa kidogo, akauliza, "Kwa hiyo nilikifukuza mwenyewe?" Tangu siku ile Mwaloni hapakukalika. Aliwasimulia wachuuzi, wavuvi, na mpaka wakaguzi wa samaki, jinsi alivyokifukuza kirusi bila hata kidonge, na kila aliposimulia kirusi kiliongezeka ukubwa. Mniulize nilikopata tabia ya kutia chumvi.

Mtoto alizaliwa mwisho wa mwaka, wa kike, analia kama honi ya meli. Majirani wakaja kumwona. Mimi nilikuwa nimekaa mbali, karibu na makarai, kwa mazoea. Mtoto alipita mikono hii na hii, na zamu ilipokaribia upande wangu Mama Zawadi akamkumbatia kwa nguvu, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Huyu mgonjwa naye abebe?"

Shangazi alikuwa anakoroga uji. Akaacha mwiko ndani ya sufuria.

"Mgonjwa nani?" akasema. "Nitaje jina, au utataja wewe? Huyu ndiye aliyezuia mjukuu wangu asikatwe na uchafu kabla hajazaliwa. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi? Ulikuwa hapo nje unachungulia! Mlete mtoto."

"Kabula, mimi nilikuwa nauliza tu..."

"Uliza ukiwa kwako. Mlete."

Akamchukua mwenyewe, akavuka sebule, akaniwekea mikononi bila kunitazama usoni, vidole vyake vikabaki juu ya vyangu mpaka aliponiona nimeshika shingo vizuri. Mtoto akafumbua jicho moja, akanikagua, akanikojolea gauni zima. Nikakataa kumrudisha. Mama Zawadi alisimama pale muda mrefu, mikono imenyooshwa, anangoja zamu yake baada yangu.